Mkono wa Tatu wa Jilala

Mshauri, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi nasubiri yako. Naomba unisaidie kabla sijampiga mtu. Niliishia darasa la tatu lakini hii naandika mwenyewe, sitaki mtu anilainishie maneno.

Marehemu mume wangu, Jilala, alifukiwa siku tatu ndani ya duara, shimo la dhahabu kule Geita, alipotolewa hakurudi tena shimoni, akachukua ubao wa mninga mpana kama mlango akachonga Yesu msalabani, sura zimetokeza nje hata pua unaishika, ila kifua cha Yesu kiko wazi kama duara na ngazi inashuka ndani na watu wanapanda, jua ni kichwa cha ng'ombe, na ubavuni mwa Yesu unatoka mkono wa tatu umeshika tochi. Nikamuuliza, baba Rhoda, huu wa nini? Akasema, "Ile miwili imepigwa misumari. Mimi nilivutwa na upi?" Alipokuwa anakufa akaniomba niutundike mahali watu wanaposali, nikamwahidi.

Sasa kigango chetu kinamalizia kanisa jipya, litabarikiwa mwezi ujao, na mwenyekiti wa kamati, Ignas, ambaye alipozaliwa nilimpokea kwa mikono hii, anasema mchongo utapokelewa mkono ule ukishakatwa na ng'ombe akishapigwa randa, eti unatisha watoto, eti mambo ya waganga. Akaleta mnunuzi wa dhahabu kutoka Kahama, Feisal, aupime thamani. Feisal akakwaruza jicho la ng'ombe, akagongagonga, akasema hapo inatoka milango miwili ya kabati. Wakacheka, sebuleni kwangu, wakinywa chai yangu!

Na nakiri, kila Jumapili naupaka samli kama ninavyopaka kibuyu cha maziwa, nikidhani nautunza, sasa umekuwa mweusi, unanasa vumbi, na kidole cha mkono ule kinadondosha unga. Ignas akauona. "Bibi, hata Mungu anautafuna." Nikamwambia hao ni wadudu, na wewe ulikuwa na funza vidole vyote kumi, mbona hatukukukata miguu!

Niambie basi, nikubali wakate ili ahadi itimie, au nikatae nimwangushe marehemu? Lakini ukitaka kusema nikubali, usijibu.

Bibi Paskazia, Kagongwa

*

Shikamoo bibi. Usikubali.

Sasa ngoja nikugombeze na wewe, maana barua nzima umegombeza wengine. Samli ni ya ugali! Kibuyu kinataka mafuta, mchongo hautaki. Mafuta yananasa vumbi na kukaribisha wadudu. Acha leo. Pangusa kwa kitambaa cha pamba kikavu, penye mikunjo tumia brashi mpya laini. Maji, sabuni, msasa, vanishi, vyote marufuku, na ukiuanika juani utapasuka. Utenge na mbao nyingine, tandika karatasi chini yake. Unga mpya ukidondoka, wadudu wako hai, na hapo usithubutu kuunyunyizia dawa ya kupe. Waite watu wa makumbusho wautibu.

Hao hao ndio waupime. Feisal anajua dhahabu, kwako amepima mbao. Mchongo hupimwa kwa aliyeuchonga, kwa nini aliuchonga, na kama bado ni mzima. Kwa hiyo yale maneno ya Jilala kuhusu misumari yaandike kwenye karatasi kwa mkono wako huo huo wa darasa la tatu, piga na picha, mbele na nyuma, uviweke pamoja. Mkono ukikatwa, Feisal atakuwa amesema kweli: zitabaki mbao.

Kisha nenda kwa paroko. Umeandikia gazeti kabla ya kumwona paroko, bibi! Kamati si paroko. Mweleze habari ya mkono ule wa tochi kama ulivyonieleza mimi.

Naye akikataa, rudi nyumbani kichwa juu. Jilala aliomba mahali watu wanaposali, hakutaja jengo. Jumuiya yenu si inasali nyumba kwa nyumba? Tundika sebuleni, mbali na moshi wa jiko, nyuma weka vijiti viwili hewa ipite, na kiti cha Ignas kielekee hapo hapo. Zamu ya kusali kwako ikifika atapiga goti, na mkono upo.

Shangazi Nelly