Steringi Yule Yule

Jumapili, Keko. Mvua imenyesha tangu alfajiri na vumbi la mbao mbele ya karakana limekuwa uji. Hakuna fundi anayeranda. Jana tulimzika Kondo.

Kondo alikuwa seremala, akifanya kazi na mwanangu Hamisi. Wote wawili walipenda banda la video lililo nyuma ya soko, hasa picha za wizi wa benki, na zaidi zenye sehemu ya pili. Mlangoni waliuliza jambo moja.

"Steringi yule yule?"

Wakiambiwa mchezaji mkuu amebadilishwa, waliondoka.

Siku moja nilikwenda nao, mimi mwalimu mstaafu, nikiwa nimejiandaa kuchukia. Genge lilikuwa lile lile, sefu nyingine. Nilifurahi. Kumwona mtu ninayemjua akiingia hatarini, huku nikiwa na hakika kwamba atatoka salama, kulinipumzisha kuliko nilivyotarajia. Kondo alinigusa bega.

"Mwalimu, tulia bwana! Steringi hafi!"

Nakiri kwamba niliwatakia wezi wale heri.

Mwezi uliopita mafundi hawa wawili walitengeneza kabati ambalo mgongo wake uliweza kufunguliwa kutoka ndani. Kondo alijificha humo, Hamisi akalipeleka jioni katika duka moja la Kariakoo. Duka lilipofungwa, Kondo alitoka, akabeba redio, akapitia mlango wa nyuma. Hamisi aliniletea redio moja.

Nilijua ilikotoka. Niliiwasha, nikasikiliza taarifa ya habari.

Alhamisi walirudia, duka jingine, kabati jipya. Kwa haraka yao walilipaka vanishi ndani asubuhi ile ile. Wapagazi wa dukani wakalisukuma, mgongo ukabana ukutani. Milango ya kabati ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Ijumaa mwenye duka alipolifungua, Kondo alikuwa amekwisha kufa kwa mvuke wa vanishi.

Polisi wanamtafuta aliyelipeleka kabati. Leo, baada ya chakula cha mchana, Hamisi alikuja kunipigia magoti.

"Baba, wakija sema Alhamisi nilishinda hapa, nakutengenezea mlango."

"Ulishinda wapi?"

"Baba, si unajua!"

"Nataka niyasikie kinywani mwako."



"Nilisukuma mkokoteni. Nilipokuwa natoka dukani nilimsikia anagonga. Nikadhani ananitania. Nikacheka, nikaenda zangu."

Sijawahi kumpiga mwanangu. Leo mkono uliinuka, nikaushusha.

Msibani wanasema Kondo alikuwa mwizi wa peke yake. Mama yake anasikiliza, hana la kujibu. Mimi ninalo.

Kesho nitakwenda kituoni kusema ninayoyajua, na yangu yakiwemo. Hamisi akikubali tutakwenda pamoja. Asipokubali, nitakwenda bila yeye, na huenda asiniite baba tena.

Yumo chumba cha pili, anadhani naandika barua ya kumwokoa. Nitamwambia nikishaweka nukta hii.