Mama, Leo Nimekula Uani Mchana wa Ramadhani

Mama yangu mpendwa, uliyelala kaburini Muyinga,

Nakuandikia na hasira, na nusu ya hasira hizo ni zako. Ulinifundisha kupika sombe ya majani ya muhogo, ukanifundisha kusoma Fatiha bila kumeza maneno. Lakini namna ya kufunga na mtoto ananyonya hukunifundisha, ukaenda zako. Sasa mi nimuulize nani?

Unakumbuka ile Ramadhani mdogo wangu Kasimu akiwa mchanga? Nilikuwa na miaka saba, najiona mfungaji mkubwa kwa sababu nimefika adhuhuri. Nikakukuta nyuma ya mlango wa jikoni, umechuchumaa, unakula bugari baridi haraka haraka kama mwizi. Nikatoka mbio uani: "Mama anakula! Mama anakula Ramadhani!" Mashangazi walicheka mpaka wakashika mbavu. We ulifuta mdomo na kitenge, ukasema tu, "Haya mtangazaji, njoo ushike mtoto."

Siku zilizobaki sikukuona ukila tena mchana. Nikafurahi, eti nimekurudisha kwa Mungu! Kasimu alilia mpaka mwezi ukaisha, na mi nikasema huyu mtoto ana tabia mbaya.

Sasa niko Gitega, nina Swaleh wa miezi minne. Siku sita nimefunga kwa ukaidi. Mama mkwe kila asubuhi: "Sisi tulinyonyesha na tulifunga, hatukufa. Nyinyi wa siku hizi ni sukari, maji kidogo mnayeyuka." Namwambia mume wangu ziwa limelegea kama soksi, anainamia cherehani yake: "Mambo ya wanawake hayo, mi nitajua nini?" Mais, lakini mtoto ni wa nani?

Jana Swaleh alivuta ziwa, akaliacha, akanitazama, akalia. Nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi. Hapo nikaogopa kweli. Ruhusa ya mwenye kunyonyesha tunaijua wote, hata mama mkwe anaijua, lakini tunaila nyuma ya mlango. Mungu ameitoa mchana kweupe, sisi tunaificha kama tumeiba. Na mi siku sita zile, mama, nilikuwa namfungia nani? Mungu, ama mama mkwe?

Leo adhuhuri nikatandika mkeka uani, nikaweka sahani ya ndizi na maharagi, nikasema Bismillahi kwa sauti. Mama mkwe akasimama na ufagio.

"We! Unakula mbele ya watu?"

"Ego mama, nakula. Swaleh hana maziwa."

"Si ungeingia ndani basi!"

"Nijifiche, nimefanya kosa gani, mama?"

Alifagia ua mzima kwa manung'uniko, akauzunguka mkeka wangu bila kuugusa. Sahani niliimaliza.

Alasiri maziwa yakaja. Swaleh alimeza mpaka nikasikia koo lake.

Nisamehe, mama. Njaa uliyokaa nayo kwa ajili ya mdomo wangu, leo naijua. Na bado umeniudhi: ungenikalisha chini ukanieleza, nisingefika hapa mjinga hivi, mtoto wangu akalipia. Siku zangu nitazifunga akishaacha kunyonya, Inshallah. Kesho nakula tena, pale pale uani, na mama mkwe nitamkaribisha kukaa.

Mungu akupe mapumziko mema,

Binti yako, ambaye sasa ni mama Swaleh