Nilichomsomea Papa Amisi

Jumamosi, Kasongo. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimeamka na chuki. Leo nawachukia watu wengi. Naanza na aliyenisifu.

Darasani tulichambua hadithi fupi ya kurasa tano. Enzi za wakoloni, mfanyabiashara mzungu anampiga mpagazi mweusi kwa sababu amenywea kikombe chake. Mtumishi mweusi anashika taa ili mzungu aone pa kupiga. Mwalimu alisoma kazi yangu mbele ya wote, akairudia sentensi hii: "Mwenye taa ana hatia kubwa kuliko mwenye fimbo, maana yeye alimjua mpagazi." Akasema ndiyo kazi bora.

Ramazani, ninayekaa naye benchi moja, akacheka. "Ee karani! Wewe ndiye utatufundisha haki? Hata shati yako iko ya patron."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Namchukia kwa sababu hajui amepiga karibu kiasi gani.

Mimi ni karani wa machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila; patron, mkuu wetu, ni mzungu. Huja Kasongo kwa pikipiki mara moja kwa mwezi kusoma. Kule kazini, kila jioni getini, sisi weusi tunavua viatu, tunafungua kinywa, tunapekuliwa hadi kwenye nywele. Magari ya wazungu yanapita tu. Mlinzi anawainulia kizuizi na kupiga saluti. Sijawahi kuliandika hilo popote.

Jumatatu iliyopita Papa Amisi, fundi wa pampu, mtu wa umri wa baba yangu, alikataa kuvua viatu. Akanyoosha kidole kwenye gari la patron.

"Na ule? Ule haina mudomo?"

Watu wakaangua kicheko. Patron akashuka, akamkamata shati, akamsukuma hadi matopeni. Papa Amisi hakumgusa mtu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, viatu vyangu mkononi.

Kesho yake patron aliniita, akanitajia maneno ya kuandika kwenye PV, hati ya maelezo ya kosa: Amisi alikataa kupekuliwa, alimpiga mkuu wa machimbo, na amekiri mwenyewe. Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri.

PV huandikwa kwa Kifaransa, kisha karani humsomea mhusika kwa Kiswahili kabla hajatia kidole gumba. Papa Amisi hajui Kifaransa. Patron, aliyesimama mlangoni, hajui Kiswahili.

"Mwana, nisomee," akasema Papa Amisi.

Nikainua karatasi na kumsomea yale aliyoniambia mwenyewe: kwamba aliuliza swali, akasukumwa, akaanguka. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye karatasi.

Aliitikia kwa kichwa. "Asante, mwana. Umeandika muzuri." Akachovya kidole kwenye wino.

Nilimshikia karatasi isiteleze.

Alhamisi polisi walimleta hapa Kasongo, wakamfungia kasho, kwenye selo yao. PV iko kwenye begi langu, na Jumatatu natakiwa kuifikisha kwa mwendesha mashtaka. Nikiifikisha ilivyo, Papa Amisi atafungwa kwa kidole chake mwenyewe. Nikisema ukweli, nitafukuzwa, na huenda nikafungwa mimi. Naogopa. Hata sasa nimefunga dirisha, na jina langu sitaliweka hapa.

Nilidhani kumchukia patron kungetosha. Namchukia kweli, hadi sauti yake ya kukohoa. Lakini mle ofisini mtu mmoja tu alielewa lugha zote mbili, na hakuwa yeye.

Mahabusu hulishwa na ndugu zao, na ndugu za Papa Amisi wako mbali, Kabambare. Kesho nitampelekea bugali na sombe, na ile PV chini ya kitambaa cha chakula. Nitamsubiri ale kwanza, ashibe. Kisha nitamsomea upya, na mara hii nitasoma kilichoandikwa. Nitaandika nyingine kwa maneno yake, niongeze ya kwangu kama shahidi, nitie sahihi. Jumatatu nitafikisha zote mbili.



Sijui ataniita nani nikimaliza kusoma.