Pigo la Pili Pangoni

Chiwata, Masasi.
17 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gasper,

Shikamoo uliyoituma nimeipokea, marahaba. U hali gani huko Bali? Ile homa imekuacha? Na unakula nini hasa, maana kwenye picha shingo imekuwa ya kuku! Mimi mzima, mwanangu Queen mzima, na mikorosho mwaka huu imezaa vizuri. Mama yu hai. Nasema yu hai kwa makusudi, utaona sababu.

Barua yako niliisoma kwa sauti uani baada ya misa, watu wote wakisikiliza. Lile pango la kale lilitufurahisha: uso wa jitu uliochongwa mwambani, mdomo wake ndio mlango, na mgeni haingii mpaka afungwe shuka kiunoni. Mama alisema hao ni watu wenye adabu. Kosa langu ni kusoma mpaka mwisho, pale uliposema mabwawa ya mawe yalifukiwa miaka mingi hadi watu walipochimba. Kaka yetu Dastani, katika barua nzima, alisikia neno moja tu: walichimba.

Siku ya tatu akapanda mlimani na sururu, yeye na wanaume wawili wa Nanganga, kutafuta mali wanayosema Mjerumani aliificha ndani ya pango letu la tambiko. Pango walimojificha bibi zetu wakati wa vita! Baba mdogo Alfredi aliwaona, akatuambia. Mama akachukua unga wa mtama, nami nikamfuata.

Tulikuta shimo la kunifika kiunoni. Vyungu vya bibi wamevipasua, vigae wametupa nje. Mama hakugombana na mtu. Alivua kandambili, akapiga magoti, akamimina unga kidogo kidogo hadi ukasimama kama kichuguu, kama afanyavyo siku zote. Dastani, na mabuti yake miguuni, akaupiga teke.

"Mama, toka hapa!" akafoka. "Hao wafu wako wamekulisha nini?"

Mama hakutoka. Dastani akamsukuma. Kichwa cha Mama kikagonga mwamba, damu ikaloanisha ule unga.

Gasper, sikumbuki nilivyoupata mpini wa sururu. Pigo la kwanza lilimpata Dastani begani, akaangukia shimoni. Mmoja wa wale wa Nanganga alinirushia jiwe likapasua simu yangu, ndiyo maana unapata barua badala ya simu, kisha wakatoka mbio. Dastani alikuwa chini, ameinua mkono wa kulia kujikinga. "Oliva, basi! Basi!" Nikapiga tena. Mfupa niliusikia ukivunjika.

Pigo la kwanza lilikuwa la Mama. Silijutii, na kwa padri sikuliungama. La pili lilikuwa langu. Lilitokana na chuki niliyoiweka moyoni tangu aliponifukuza shamba la marehemu Baba.

Bodaboda iliwabeba mshikaki hadi Masasi. Dastani katikati, Mama nyuma yake, kanga yangu kichwani imelowa damu, amemfumbata mwanawe asianguke.

Mama alishonwa nyuzi tisa, sasa anatembea. Dastani ana plasta mpaka kiwikoni, na daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Ni mkono ule, Gasper. Ndio ulioushika wa kwako ukiwa mtoto, ukakufundisha kuchonga mpingo kwa tezo. Nimevunja mkono uliokufikisha Bali.

Wiki tatu hakunisemesha. Nilimpelekea uji, akaumwaga mbele yangu. Jana nilimwambia nakuandikia, na kwamba sitaficha kitu, hata lile la pili. Akasema nimsomee. Nilisoma huku nalia. Nilipomaliza aliniambia, "Andika pia kwamba aliyemsukuma Mama ni mimi." Nimeandika.

Shangazi Veridiana wa Newala anakusalimu sana, pia Baba mdogo Alfredi na Queen. Mungu akulinde, na wa pangoni wakulinde, ila padri asisome hapa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Oliva

Hilo doa la wino kando ya jina langu si uchafu. Dastani hawezi kushika kalamu. Ni dole gumba lake la kushoto, na mahali pa kuliweka alichagua mwenyewe.