Nekesa, Mashine Inasema Haupo

Nekesa wangu,

Tangu tukuzike kwenu Musanda, miwa imekatwa na kuchipua tena, trekta zinapita usiku na mchana, na mimi bado sijachagua. Wee, umeniachia kazi gani hii!

Unakumbuka swali letu la utafiti: nani ameandika kuhusu wakulima wa miwa wa huku, na nani amemnukuu nani. Tukakwama kwenye hifadhidata, tutumie ipi. Mimi nilitaka ile ya ng'ambo, kwa sababu inaonyesha nani amemnukuu nani, na profesa anaiamini. Wewe ulitaka ile ya maktaba zetu, yenye ripoti na tasnifu za wanafunzi wa hapa. Tulibishana chumbani Shieywe mpaka obusuma, ugali wetu, ukapoa. Ukaniambia, "Mizani ya kiwanda hupima miwa iliyofika, Halima. Ile watoto wamechomoa njiani, nani anaihesabu?" Nikacheka, nikakuambia ule.

Juzi nilienda saiba, nikaandika jina lako kwenye ile ya ng'ambo. Ikajibu: hakuna. Nekesa, najua haupo, nilisaidia kukuvalisha mimi mwenyewe. Lakini kuambiwa na mashine vile! Nililia mbele za watu. Yule dada wa saiba akadhani kompyuta imeharibika, akaizima akaiwasha.

Nikajaribu ile ya maktaba. Ukatokea! Tasnifu yako ya akina mama wanaopalilia miwa, jina lako lote. Nikafurahi, halafu nikaogopa. Nikichagua hii, ni swali limechagua au ni machozi? Mambo ya kunukuliwa haiyaonyeshi kabisa, na hiyo ni nusu ya swali letu. Nikichagua ile, wewe na wenzako mnabaki njiani. Profesa anasema nichague moja, niache kuzungukazunguka. Sielewi tena ninatafuta nini. Na wa kuniambianga "Halima, soma swali tena" alikuwa wewe.

Haya, nimelisoma tena. Linaanza na "nani ameandika". Basi nitaanza na ya maktaba. Ile ya ng'ambo nitaiuliza habari za kunukuliwa tu, na nitaandika wazi kile isichokiona. Profesa akikataa, nitamsomea swali letu.

Pumzika, Nekesa. Nakuahidi sitakupendelea. Jina lako nitalihesabu mara moja tu, kama la kila mtu. Lakini njiani sikuachi.

Halima wako