Pangaboi la Ami Seif

Ibra

Mjukuu wangu Rahma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Usicheke kuwa na bibi wa miaka kumi na sita. Babu yako ni kaka yangu, basi huna pa kukimbilia. Mama hajambo, goti tu linamsumbua.

Umeuliza kwa nini picha za wale watawa wa Kibudha zinaishia katikati. Walialikwa kuchora mandala, duara kubwa la mchanga wa rangi, katika ukumbi wa Ami Seif, nami shule ilinipa kamera. Siku kadhaa waliinama wakidondosha mchanga kidogo kidogo, madirisha yamefungwa, pangaboi limezimwa.

Ami akaingia na kahawa na tende. "Ala! Wageni wangu wanaokwa humu!"

"Ami, usiwashe!"

Alikuwa ameshawasha. Rangi zote ziliruka, na watu waliokuja kutazama wakacheka. Ami mwenyewe akajipanga kati ya watawa.

"Haya, msomi, tupige picha."

"Sipigi, Ami. Waombe radhi kwanza."

"Kwa mchanga? Nje umejaa tele!"

Mtawa mzee hakukasirika. Alisema, mkalimani akitufasiria, kwamba mandala ikikamilika huifagia wenyewe. Nimelifikiri sana neno hilo, Rahma, na labda siku moja litanipoza. Lakini kuifagia ilikuwa haki yao, si ya Ami.

Ijumaa aliniuliza tena lini nitampiga picha. Nikamjibu: akishawaomba radhi. Naye anajua walishaondoka zamani.

Bibi yako,
Zuwena