Nyasi Zimeota Kwenye Njia Yako

Mpendwa mume wangu,

Naandika barua hii wazi, asome atakayesoma, kwa sababu ukinipigia simu ya video nabaki nikikuangalia tu na kusahau yote niliyotaka kusema. Unauliza, "Mbona umenyamaza?" nami nacheka kama msichana wa kidato cha pili. Bado sijazoea kwamba uso huo ni wangu. Asubuhi naangalia pete kabla ya kuangalia saa. Wateja wangu hapa sokoni Migwani wamenichoka. Mama mmoja alileta sketi nimpunguzie kiuno, akaniambia, "Shona kwanza, mambo ya bwana utanieleza nikirudi."

Juzi ulinionyesha maabara yako. Niliwaona wagonjwa wa sukari wakiendesha baiskeli zisizoenda popote, huku nje dirishani theluji imejaa. Ukanionyesha kipande cha msuli kilichotolewa kwenye paja la mmoja wao, kidogo kama punje ya ndengu. Ulikishika kwa upole sana. Mume wangu, nilikionea wivu.

Nilikumbuka kovu lako. Wiki ile ya kwanza ya ndoa yetu niliona alama pajani mwako nikadhani ni ya ng'ombe au ya seng'enge. Ukasema ulipokuwa mwanafunzi ulitoa msuli wako mwenyewe, kwa kuwa hukutaka kumwomba mtu kitu ambacho wewe hujakitoa. Nililiwekea kidole kovu hilo, nikajiambia nimeolewa na mtu mzuri.

Jioni hiyo ya kovu nilikuambia mama yangu ana ugonjwa wa sukari, ukanikalisha jikoni.

"Unakumbuka mitokondria?"

"Nakumbuka jina, na kiboko cha mwalimu wa biolojia."

Ulicheka, kisha ukanionyesha gunia la makaa mlangoni na jiko lililozimika. Ukasema sukari kwenye damu ya mama yangu ni kama makaa yale, yamerundikana nje na jiko ni baridi. Ndani ya misuli yetu mna majiko madogo madogo, hayo ndiyo mitokondria. Mtu akitembea, msuli unafungua mlango na makaa yanaingia. Akiendelea siku baada ya siku, hata majiko yenyewe yanaongezeka. Tangu hapo siwezi kuwasha jiko bila kukuona umechuchumaa pale, majivu kwenye suruali yako nzuri.

Lakini ungemwambiaje Mwaitu, mama yangu? Wewe uliyesoma ugonjwa huo mpaka ukamaliza vitabu, hukuwa na ruhusa ya kumwambia hata neno moja, kwa ajili ya nthoni, ile heshima yetu Wakamba: mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawapigi gumzo. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako. Nesi alikuwa amemwambia atembee, nami nikamwambia. Akanijibu, "Nitembee niende wapi? Mtu hutembea akiwa na mahali anaenda. Mwambie mume wako asome miguu ya Wazungu, hii yangu amwachie Mungu."

Na wewe ulikuwa unangoja viza, mgongo unakuuma kwa kukaa na kompyuta, ukaanza kunyoosha miguu jioni kwenye ile njia ya mkato inayotoka kwetu hadi kwake. Unakumbuka siku mlipokutana kwenye kona ya mkonge? Yeye alikuwa anatoka sokoni na kikapu. Akajifunika leso usoni akaingia kwenye shamba la ndengu. Wewe ukaruka upande wa pili, katikati ya miiba. Ulirudi umechanika shati, unatetemeka kama mtoto aliyevunja chungu. Nilikutoa miiba nikicheka mpaka nikashindwa kushika sindano.

Kuanzia siku ile mama hakuikanyaga tena njia hiyo. Jioni akitoka sokoni akawa anazunguka kilimani, nyuma ya shule ya msingi, mzunguko mrefu wa kupanda na kushuka. Alinung'unika: "Mume wako anatembea hapo kila jioni kama polisi. Mtu atapita wapi?" Alipoenda kliniki, nesi alipima sukari, akapima tena. Ilikuwa imeshuka. Akamuuliza, "Shosho, umebadilisha nini?" Mama akasema hajabadilisha kitu, ni mkwe tu anayemzibia njia.

Nilipokuletea habari hiyo ulikaa chini kwenye ngazi ukacheka mpaka machozi. Kisha ukanishika mkono. "Usimwambie. Akijua ni mazoezi ataacha." Kuanzia hapo ulitembea kwa kusudi. Ulitembea kwenye vumbi, ukatembea kwenye mvua na lile koti lako la kijivu. Ndugu yako alipotutembelea kutoka Makindu alikuona ukivaa viatu akasema, "Kaka, digrii zote hizo, na kazi yako ni kutisha mama mkwe?" Ukamjibu, "Ndiyo kazi nzuri zaidi niliyowahi kupata." Niliwasikia nikiwa dirishani. Nilitaka kukimbia nikukumbatie mbele yake.

Kisha viza ikatoka.

Siku uliyoondoka, mama alikuja akasimama mlangoni kwangu. Alinipa pole, halafu akasema, "Angalau njia imefunguka." Akarudi kwenye njia ya mkato. Baadaye sukari ikapanda, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Nesi akasema ikiendelea hivyo ataanza kudungwa sindano za insulini. Unajua anachoogopa. Dada yake alianza hivyohivyo, akamaliza kwa kukatwa mguu. Nilipokuambia, ulifunika uso kwa mikono, ukasema, "Niko huku nawaendesha watu baiskeli, na kule ingetosha nitembee tu."

Mpenzi, sikujua la kufanya. Nilikuwa na koti lako. Nililificha chini ya mto kwa ajili ya harufu yako, sitaki kudanganya. Jioni moja nililitoa nikalitundika kwenye mkonge pale konani, na kofia yako juu yake. Macho ya mama hayaoni mbali. Nilimwona akisimama, akajifunika leso, akageuka kuelekea kilimani kwa haraka ya msichana. Alifika kwake akahema, akanipigia simu: "Amerudi lini, na mbona hukuniambia nimpikie chakula?"

Chakula ndicho kilichonishinda. Alikuwa ameshaloweka mbaazi. Nilienda nikamweleza yote: koti, matembezi yako, hata majiko. Alichukua ungo akapepeta mbaazi zilizobaki. Kisha akasema, "Kwa hivyo huyo daktari wako alikuwa ananichunga kama mbuzi."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Kwenye mvua?"

"Hata kwenye mvua."

Akapepeta tena. Akageuza uso, na nadhani alikuwa anacheka, lakini leso ilikuwa usoni.

Kesho yake nililiondoa koti. Lilikuwa limepoteza harufu yako, linanuka upepo na vumbi, nikalia kidogo. Nilikaa konani nimngoje mama, nimsihi asiache kupanda kilima. Hakuja. Nilipotazama juu nikamwona kilimani, na fimbo, anapanda polepole. Nikamkimbilia. "Mwaitu, njia iko wazi, hakuna mtu!"

Hakusimama. "Hiyo njia ina mwenyewe. Nitapitaje, naye ametoka kidogo tu?"

Sasa tunapanda pamoja kila jioni. Nesi amesema sindano ingoje kwanza. Kwenye njia yako hakuna anayepita tena, nyasi zimeota mpaka kwenye kona. Na huku juu kilimani, mume wangu, barabara ya kutoka Kabati inaonekana yote. Gari likitimua vumbi, mama hunishinda kutazama, yeye ambaye hatakiwi hata kukuangalia. Anaweka mkono juu ya macho yasiyoona mbali, anangoja mpaka vumbi litulie.

"Ni yeye?"

"Siye, Mwaitu."

"Haya," anasema, akishika fimbo. "Tutarudi kesho."

Ukija, pitia njia yako. Nyasi hizo sijakata. Nataka zilazwe na miguu yako.

Ni mimi, mkeo, ninayekutazamia kutoka kilimani pamoja na mama mkwe wako